Mwanga Chini ya Kucha

Mama alikataa kuvua viatu. Alisema chumba changu cha giza kina sakafu ya baridi kama mochwari, na yeye hana haraka ya kuizoea baridi hiyo. Nikamwacha navyo. Mtu aliyekununulia viatu vya kwanza humpangii vyake.

"Na usinipime kama ng'ombe wa mnada," akasema akijiweka sawa kwenye kiti. "Fungua, funga, umemaliza."

"Fungua kwanza, mama. Kufunga ndiyo kazi kwako."

Akacheka, na kicheko kikamgeuka kikawa kikohozi. Kwa wiki kadhaa alikuwa akipata homa za jioni, na gauni lake la maua lilikuwa linamning'inia mabegani. Lakini hakuja kwa ajili ya homa. Homa aliidharau. Alikuja kwa sababu Ijumaa ilikuwa akika ya kitukuu chake Hidaya, mtoto wa binti yangu Ilham, na sheria ya Kituo cha Walinzi ilitaka kila mtia tende, anayemlambisha mchanga tende aliyoitafuna, apimwe kinywa kabla hajamgusa mtoto. Sheria hiyo niliiandika mimi mwenyewe. Siku naiandika sikukumbuka kwamba mji wetu, huku kwenye vilima vya Kondoa, ulikuwa na mtia tende mmoja tu, naye ni Bi Tausi, mama yangu mzazi.

Nikavaa barakoa nikavuta pazia. Giza la chumba kile ni la kweli. Hata saa ya ukutani niliiondoa kwa sababu namba zake zinang'aa. Mama akafungua kinywa.

Watoto waliozaliwa baada ya Walinzi, bakteria wetu wa kinywani, kuingia mjini hawashangazwi na jambo hili. Kwao kinywa chenye mwanga ndicho kinywa. Umeme ukikatika shuleni wanacheka makusudi ili darasa lionekane. Sisi wakubwa bado tunasisimka. Mwanga wenyewe hutokea kwenye fizi, kijani hafifu, rangi ya jani changa la mgomba, na hutokea pale tu bakteria hao wanapokuwa wengi kiasi cha kujuana. Tuliwatilia mwanga ili tujue wapo. Kinywa cheusi ni kinywa kisicho na ulinzi, na mwenye nacho huitwa arudi kuongezewa matone yao.

Kinywa cha mama hakikuwa cheusi. Wala hakikuwa kijani. Kilikuwa cheupe, weupe wa maziwa yaliyotiwa maji mengi, na mwanga ulipanda hadi kwenye kaakaa na nyuma ya ulimi, kwenye nyama tupu ambako Mlinzi hakutengenezwa kukaa. Tulimfunza akae kwenye meno. Asiye na jino, tulisema, hana Mlinzi.

Niliinamisha macho nipate kufikiri, na ndipo nikaiona mikono yake mapajani. Chini ya kila ukucha kulikuwa na vijistari vyembamba, kama vibanzi vya kuni vilivyomchoma, na vilikuwa vinawaka. Weupe ule ule. Vilififia, vikang'aa, vikafifia, na ilinichukua muda kutambua vilikuwa vinafuata nini. Vilifuata mapigo ya moyo wake.

"Umeona nini?" akauliza.

"Hamna."

"Ramla."

"Hamna kitu, mama. Funga."

Nikafungua pazia, na mchana ukaingia. Mikono yake ikawa mikono tu, yenye hina iliyofifia kwenye kucha. Kumbe ni hina iliyonifanya nisione kitu muda wote huo. Alikuwa haachi kuipaka, tangu nikiwa mdogo, na chini ya wekundu ule kibanzi cheusi cha damu hakionekani. Nilimtoa damu kwa kusingizia kwamba namwona mweupe machoni. Akaniambia nimekuwa mbu.

*

Watu wakisikia neno bakteria huwaza mdudu aliyevamia kutoka nje. Huyu hakuvamia. Kila kinywa cha binadamu kina streptokoka wa namna hii, wengi kupita kuhesabika, wanaishi kwenye ute na juu ya meno, wanakula tunachokula, na kwa kukaa kwao tu wanawanyima nafasi wabaya. Ukipiga mswaki kwa pupa fizi zikatoka damu, wachache huteleza wakaingia kwenye mishipa, na damu huwamaliza hata hujatema povu. Hujui kilichotokea. Unakwenda kunywa chai.

Ila moyo ukiwa na kovu, wale wachache hupata pa kushika. Wakishika hujenga, tabaka juu ya tabaka, kama mchwa wanavyojenga kichuguu, na ndani ya kichuguu hicho askari wa damu hawafiki. Vipande hukatika, husafiri, hukwama kwenye vimishipa vya mwisho kabisa. Kwenye figo. Kwenye ubongo. Chini ya kucha.

Moyo wa mama ulikuwa na makovu. Enzi za utoto wake koo lilimwuma mtoto siku chache, likapona, kila mtu akasahau, na wiki kadhaa baadaye magoti yanavimba na milango ya moyo inaharibika. Homa ya baridi yabisi. Iliwachukua wadogo zake wawili, na yeye ikamwachia moyo unaovuma kama karai lililogongwa. Nimekua nikiusikia moyo huo nikiwa nimelala kifuani pake. Ndio ulionipeleka shule. Na nilipopata maabara, mimi na wenzangu tukamchukua streptokoka mpole wa kinywani, tukampa silaha ya kumfukuza yule mkorofi wa kooni anayeleta homa hiyo. Tukamwita Mlinzi. Tangu aingie mjini hatujamzika mtoto hata mmoja kwa ajili ya moyo. Kumbuka jambo hilo unaponisikiliza, maana mimi nililikumbuka mno.

Kwenye kioo cha mashine, damu ya mama ilikuwa imejaa Walinzi. Nilikaa nao hadi wenzangu wakaenda kula.

Walinzi huongea. Hawana sauti, wanatoa harufu ndogo ambayo pua haiijui, na kwa harufu hiyo kila mmoja anajua wenzake ni wangapi na wako karibu kiasi gani. Hata wa vinywa viwili tofauti, watu wakikaribiana sana, husikiana, na mwanga wao hupanda kwa pamoja. Wakiwa wengi hufanya jambo jingine. Hufungua miili yao, wakaokota vipande vya maiti za jirani, wakavivaa. Mara nyingi vipande hivyo havina maana. Mara moja moja ni vazi zima. Huyu wa mama alikuwa amevaa vazi la sukari linalofanana na sukari iliyo juu ya chembe zetu wenyewe. Damu ikimtazama inamwona mwenyeji. Nilimtazama mimi, niliyemtengeneza, na nusura nimpite.

Vazi hilo lilitoka wapi? Hapo nikajiona mjinga na digrii zangu zote. Kwenye makaratasi yetu kila kinywa kilikuwa nyumba yenye mlango wake. Lakini mama akitia tende anaitafuna hadi ilainike, anaichukua kwa kidole, anampaka mtoto kwenye kaakaa, kisha kidole kile kile anakirudisha kinywani mwake, akakilamba, ili baraka isidondoke chini. Watia tende wa mjini kwetu wote walifanya hivyo, tangu mama yake na bibi yake. Halafu anaendelea kwa mtoto wa nyumba ya pili, na wa tatu. Kila nyumba ya mji ule ilikuwa imeacha kitu kwenye kinywa cha mama yangu. Nami nilitiwa tende kwa kidole hicho hicho, nikakaa kwenye vikao vya kitaalamu mwaka mzima bila kukitaja.

*

Baraza la Walinzi lilikutana Jumatano. Mwenyekiti, Mzee Mdoe, ni mwalimu mstaafu anayependa mambo yamalizike kabla ya adhuhuri. Mama aliketi mwisho wa meza na kikapu chake miguuni. Nilikuwa nimekwisha mwambia kila kitu; nilimwambia jikoni, nikimenya vitunguu, nipate kisingizio cha macho yangu.

Swali lilikuwa moja. Tulikuwa na Kizimio, sukari ya kutengeneza ambayo Mlinzi akiionja hujiua, mpya kwa wa zamani. Tukiitia kwenye maji ya bomba, siku chache tu na kila kinywa mjini kingekuwa cheusi. Wenye makovu ya moyo wangepona kwa sindano na wasiambukizwe tena. Lakini yule mkorofi wa kooni alikuwa bado yuko vijijini, anasubiri nafasi, na kumtengeneza Mlinzi mwingine kungechukua miaka. Tusipokitia, watoto wangebaki salama, na wenye makovu tungewachoma sindano leo, kesho wakale sahani moja na sisi, wakaambukizwa upya, mpaka siku sindano ikatae.

"Mtaalamu unasemaje?" akauliza Mzee Mdoe.

Nilisimama. Sauti yangu ilikuwa nzuri, naikumbuka. "Watoto ni wengi, na hatari yao ni ya hakika. Wenye makovu ni watu wachache, wazee, na tunawajua. Tutawahudumia mmoja mmoja. Ushauri wangu ni kutokitia."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mama. Akajibu bila kuombwa.

"Mimi nimezika watoto wa mama yangu," akasema. "Kama ni mimi na vikongwe wenzangu, acheni maji yenu kama yalivyo."

"Bi Tausi, unaweza kuwekewa vyombo vyako mwenyewe," akasema Mzee Mdoe kwa upole. "Ukala peke yako."

"Nile peke yangu kama mchawi? Haya, funga kikao, baba, jua linapanda."

Watu walicheka kwa kufarijika. Nje, Mzee Mdoe alinishika mkono akaniambia nimeonyesha moyo wa chuma. Nilitembea na mama hadi nyumbani, akipumzika kila baada ya nyumba mbili, na nilijisikia mkubwa na mwenye haki. Nilijisikia vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

*

Alhamisi mkunga aliweka kifaa chake kwenye kifua cha Hidaya, akasikiliza, akasikiliza tena, akaniita. Moyo wa mjukuu wangu ulikuwa na tundu ukutani. Dogo, akasema mkunga, mengine hujiziba yenyewe. Mengine hushonewa kiraka. Mimi nilikuwa nimekwisha kufikiri mbali zaidi: pembezoni mwa tundu kuna ukingo unaopigwa na damu kila sekunde, na kiraka nacho ni pa kushika.

Hata hivyo sikurudi kwa Mzee Mdoe. Nilijiambia mtoto hana jino, hana Mlinzi, na hatampata. Nitamzungushia uzio. Nililala usingizi mzuri tu.

Kwa hiyo Ijumaa, mbele ya jamaa wote, wali wa akika ukiwa jikoni na majirani wamejaa uani, mama alipomaliza kupaka hina mpya na kuinua tende kutoka kwenye sahani, nilimshika mkono.

"Huyu hapana, mama."

Shangazi mmoja akauliza kama nimepatwa na kichaa. Ilham alinitazama kama mgeni aliyepotea nyumba. Mama aliushusha mkono wake. Aliitazama ile tende, kisha akairudisha kwenye sahani taratibu, akaipanga katikati ya zenzake, akajifuta vidole. Mtia tende wa mji mzima alinyimwa kitukuu chake kweupe, tena na binti yake mwenyewe. Akasema ametosheka kumwona tu, na akakaa kwenye mkeka na sahani yake mbele yake.

Kelele za watu zilimwamsha mtoto. Akalia kile kilio chake kikali, kilio nilichokipigania mimi. Wiki iliyopita alitoka tumboni kimya, wa bluu, mkunga bado yuko njiani, nami nikaweka midomo yangu juu ya midomo na pua yake nikampulizia, tena na tena, mpaka akashtuka akalia. Wiki nzima watu walikuwa wakinisifia pumzi hiyo. Mama alikuwa akinitania kwamba nitadai na cheti.

Nikamchukua Hidaya, nikaketi kwenye mkeka karibu na mama, nikajifunika naye kanga gubigubi ili apate kivuli. Wachanga hunyamaza gizani. Kanga ilikuwa nzito, mpya, na jua lilibaki nje pamoja na watu.

Akafungua kinywa kulia, na nikamwona uso wake wote.

Nilidhani kanga ina tundu. Nikaipapasa. Haikuwa na tundu. Mwanga ulikuwa unatoka kwake, kwenye kaakaa, kwenye ufizi usio na jino, mweupe, wa maziwa yaliyotiwa maji. Kila alipovuta pumzi ulipungua, akilia ukajaa, ukanimulika mikono.

Nilitafuta wa kumlaumu. Wallahi nilitafuta. Mama hakumgusa. Ilham kinywa chake nilikipima, ni kijani. Nikawa nafungua midomo nimuulize mtoto, kama mwehu, nani amekufanya hivi, na nilipofungua midomo, mle gizani mkazidi kuwa mweupe.

Mpimaji hukaa upande wa pili wa chumba, barakoa usoni. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kukaa kwenye kile kiti.

Ukingo wa kanga ukainuliwa kidogo, mkono wa mama ukaingia kumbembeleza mtoto. Vidole vilikuja na mistari yake, vinawaka na kufifia. Vilipomkaribia Hidaya mwanga wake ukapanda, na wa kinywani mwangu ukapanda, yote mitatu, kama watu wa ukoo mmoja wanapoitikia salamu. Mtoto akanyamaza. Akavishika vidole vile akatulia kabisa. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa utulivu ule.

Mama akaingiza na kichwa. Akaona. Hakuwa msomi wa bakteria, lakini alikuwa ameona vinywa vingi.

"Ile pumzi yako," akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mama."

"Basi usilie, utamtisha." Akamfunika mtoto miguu. "Ataumwa lini?"

"Si sasa. Meno yakianza kuota, fizi zikipasuka. Hapo ndipo watapata njia. Nikimsafisha leo, kesho atambusu mama yake, aliyekula na mimi."

"Mimi mliniuliza," akasema. "Nikakubali kwa mdomo wangu. Huyu nani kamuuliza?"

Nikampa mtoto. Nikatoka kwenye kanga, jua likanipiga usoni. Uani watoto wa majirani walikuwa wamejibanza ndani ya pipa tupu la maji, wanacheka kwa zamu, na kila mmoja alipocheka ndani ya pipa kuliwaka kijani. Koo safi, mioyo mizima. Nilikuwa nawajua kwa majina. Wengine nimewatia matone ya kwanza mimi mwenyewe. Nikawatazama nikijua ninachotaka kuwafanyia, na mkono wangu haukusita kuchukua simu. Niliona aibu kwa jinsi ulivyokuwa mwepesi.

"Mzee Mdoe, naomba Baraza likae tena. Nataka Kizimio kitiwe kwenye maji."

"Daktari, juzi ulisema watoto ni wengi na hatari yao ni ya hakika."

"Bado ni ya hakika."

"Basi wenye makovu wameongezeka?"

"Ameongezeka mmoja."

"Mmoja." Nilimsikia akivuta kiti. "Mimi si mtaalamu, nifahamishe. Watu hawa walikuwepo tangu Jumatano, na wewe ndiye uliyetuambia habari zao. Kipya ni nini?"

Ningeweza kumtajia vazi la sukari. Ningeweza kumtajia kaakaa, na nyama tupu, na makosa ya makaratasi yetu, yote yakiwa kweli. Nilikuwa nimechoka kusema mambo ya kweli kwa sauti nzuri.

"Kipya ni kwamba Jumatano nilikuwa sijamwona hata mmoja wao kwa macho yangu," nikasema. "Leo nimemwona."

Nilisema kwa nguvu, nikisikika uani kote, maana nilikuwa nalia. Nikageuka.

Mama alikuwa pale pale kwenye mkeka, hatua mbili nyuma yangu, kitukuu chake amelala mapajani. Alikuwa amesikia. Hakukasirika, uso wake ulikuwa na upole ule ule wa kila siku, upole wa mtu anayemngoja mtoto wake amalize kula. Akavitazama vidole vyake, kimoja baada ya kingine, hina bado mbichi. Kisha akaviingiza ndani ya kanga, asinisumbue navyo.